Kasi Huchongwa

Gogo la mpingo likikatwa, kinachoonekana kwanza si weusi wake. Chini ya ganda kuna tabaka la mti mweupe unaoelekea umanjano, ambalo mchongaji hana haja nalo. Weusi uko ndani. Fundi huliondoa tabaka lile kwa tezo, pole pole, mpaka akutane na kiini kigumu ambacho kikitupwa majini huzama kama jiwe. Hapo hushika patasi na nyundo, halafu tupa, halafu msasa, na siku zinapita. Anayekuja kununua hazioni siku hizo. Anaiona sura iliyokwisha kung'aa, anashangaa, kisha anatamka maneno ambayo watu wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, wameyasikia hadi wameyazoea: Wamakonde wamezaliwa na sanaa, iko damuni. Huyasema kwa nia njema. Lakini sifa hiyo ina wizi ndani yake. Kitu ulichozaliwa nacho hakikukugharimu, na kisichokugharimu huwezi kukidai bei. Mnunuzi akishaamini kwamba kinyago kimetoka damuni, haoni tena sababu ya kuilipa mikono, wala miaka ambayo mikono hiyo ilikaa chini ya mkubwa wake ikiharibu magogo kabla ya kutoa kinyago kimoja cha kuuzika.

Wizi huohuo wanafanyiwa wakimbiaji, na wa mbio fupi kuliko wote. Mkimbiaji wa marathoni angalau tunamwona akitaabika. Jasho lake linashuhudiwa kwa saa mbili na zaidi. Wa mbio fupi amekwisha kumaliza kabla mtazamaji hajakaa vizuri, na kwa kuwa taabu yake haikuonekana, inadhaniwa haikuwepo. Tunasema ana mbio kama tunavyosema swala ana mbio. Mimi naamini kinyume chake. Kasi ya mtu uwanjani ni kitu cha kuchongwa. Hupatikana kwa kupunguza, kama sura inavyopatikana ndani ya gogo, na aliyeipata ni fundi anayestahili sifa ya fundi. Shahidi wangu ni John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich tarehe 2 Septemba 1972 kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na mara ya kwanza kwa binadamu kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. Ningeweza kumchukua wa kwetu: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na jambo hilo kila mtoto wa shule Tanzania anapaswa kulijua. Nimemchagua jirani kwa sababu katika mbio zake ufundi unaweza kuhesabiwa, hatua moja baada ya nyingine.

Basi tuhesabu. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Viunzi ni kumi, na kwa wanaume kila kimoja kina kimo cha sentimita 91.4. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na baada ya kile cha mwisho zinabaki mita 40. Mkimbiaji mrefu huruka akiwa bado mita mbili na ushei kabla ya kiunzi, na hutua mita moja na ushei baada yake. Kwa hiyo anabakiwa na mita kama 31 au 32 za kukimbia, ambazo lazima azigawe kwa hatua kamili. Nusu hatua haipo. Akizigawa kwa 13, kila hatua inakaribia mita mbili na nusu. Akizigawa kwa 15, kila hatua ni mita mbili na kidogo. Hizo mbili ni idadi za witiri, na witiri humfikisha kwenye kila kiunzi akiwa na mguu uleule mbele. Shufwa, yaani 14, humletea mguu wa pili, ambao kwa watu wengi ni mgeni katika kazi hiyo, sawa na mkono wa kushoto wa mtu anayeandika kwa wa kulia. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wa zama zile walianza kwa 13 wakiwa na nguvu, na uchovu ulipoingia walirukia 15 moja kwa moja, mwendo ukakatika, kama dereva anayeshusha gia mbili kwa mpigo katikati ya mlima. Hatua 14 zilikuwepo kwenye hesabu, ila kwa wengi hazikuwepo miguuni.

Wanaosema Akii-Bua alizaliwa na kasi wana ushahidi wao, na haifai kuuficha. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Alichunga ng'ombe utotoni. Alikuwa na miguu mirefu. Kwa mpenda hadithi nyepesi hayo yanatosha: mtoto, porini, mifugo, mbio. Lakini waliochunga ng'ombe Afrika Mashariki hawana idadi, na wengi wao miguu mirefu wanayo. Zaidi ya hapo, baba yake, ambaye alikuwa chifu, alikuwa na wake wanane na watoto 43. Damu moja ya baba iligawiwa watu 43 waliokulia ardhi moja, na katika hao ni mmoja tu aliyekimbia mita 400 juu ya viunzi kwa sekunde 47.82. Kama damu ingetosha, boma lile lingejaza timu nzima ya taifa na kubakisha akiba. Na hata huyo mmoja hakuanza akiwa bingwa. Aliingia jeshi la polisi akiwa kijana, na huko ndiko alikofundishwa kuruka, kwanza vile viunzi virefu vya mita 110. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne katika mita 400 kuruka viunzi. Wa nne hapandi jukwaani. Kinachohitaji kuelezwa ni miaka miwili iliyofuata, na hiyo damu haiwezi kuieleza, maana damu yake ya 1970 ndiyo ileile ya 1972.

Kilichobadilika ni kazi. Fundi wake wa kwanza alikuwa Jorem Ochana, ofisa wa polisi ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa viunzi. Mtu asiyefundishwa hukiruka kiunzi kama anavyoruka shimo: hupaa. Macho ya watazamaji hufurahi, lakini saa haifurahi, kwa sababu kila sentimita ya bure hewani ni muda ambao mguu hausukumi ardhi. Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi, akaacha upenyo, na kijana akatakiwa apite katikati, kifua kimeinamia paja, kichwa chini. Akiinuka, paji la uso linapiga ufito. Alipiga, damu ikatoka, akakimbia tena, na kovu likabaki. Sisifu damu hiyo, na mwalimu wa leo hapaswi kufanya hivyo kwa mtoto wa mtu. Nasifu alichokielewa Ochana: kwamba kiunzi hakirukwi, kinapitwa, na kazi yote ni kuondoa kile kisichohitajika mpaka ibaki hatua ndefu kidogo kuliko nyingine. Kila mchongaji anaijua kazi ya namna hiyo. Hakuna anayeongeza kitu kwenye gogo la mpingo.

Kisha akaja Malcolm Arnold, Mwingereza aliyefika Uganda mwaka 1968 kuwa kocha wa taifa. Yeye aliona kwamba mtu huyu ana nguvu ya kudumu ambayo mita 110 haziitumii, akamsukuma kwenye mita 400. Mazoezi yaliyofuata ni magumu hata kuyasoma. Akii-Bua alivaa fulana yenye uzito wa takribani kilo 11, na akiwa nayo mwilini alikimbia akiruka viunzi vya sentimita 106.7, vile vya mbio za mita 110, kwa umbali uliopita mbali ule wa mashindano yake. Maana yake ilikuwa wazi: siku ya mashindano fulana itavuliwa, viunzi vitashushwa, na mwili utajikuta umefunguliwa. Lakini jambo lililomtenga na wenzake halikuwa nguvu. Aliweza kuruka kwa mguu wowote. Kushoto au kulia, kwake vilikuwa sawa, kwa hiyo hatua 14, zile ambazo wengi walikuwa nazo kwenye karatasi tu, yeye alikuwa nazo uwanjani. Uchovu ulipoanza kufupisha hatua zake, hakulazimika kurukia 15. Alishuka ngazi moja tu, mwendo ukaendelea. Na uwezo huo hauko damuni kwa mtu yeyote. Mguu wa pili hufundishwa kwa kurudia na kurudia, siku ambazo unagonga mbao na kuanguka, siku ambazo unaonekana mjinga kuliko ulivyokuwa wiki iliyopita, mpaka siku moja unafika kwenye kiunzi bila kukumbuka ni mguu gani utakaotangulia.

Munich alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Katika mbio za viunzi hiyo si zawadi. Kona yake ndiyo kali kuliko zote, na mtu anayekimbia kwa kasi huku akizunguka kwa kushoto mwili wake unavutwa kwenda nje wakati huohuo anatakiwa kuwa hewani. Anayetanguliza mguu wa kushoto anaweza kuubana mstari wa ndani. Anayetanguliza wa kulia husukumwa mbali nao, na mguu wake wa nyuma huwa hatarini kupita pembeni ya kiunzi badala ya juu yake, kosa linalomtoa mtu mashindanoni. Mbele yake alikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, mwenye rekodi ya sekunde 48.12 aliyoiweka Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa umbali mfupi. Munich haina hewa hiyo. Hemery alifunguka kwa kasi kubwa, kama mtu anayetaka kuyamaliza mambo mapema. Akii-Bua, kutoka njia ya ndani, aliwaona wote mbele yake na hakuwakimbilia. Aliendelea kuhesabu. Kwenye kona ya mwisho, pale ambapo hatua za wengine zilianza kufupika na viunzi kuonekana vimeinuka, yeye alifika kwenye kila kimoja kwa wakati wake. Kiunzi cha kumi kilipopita, mbele yake hapakuwa na mtu. Ralph Mann wa Marekani alikuja wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Nyuma ya mshindi palikuwa na pengo la kama mita tano, na katika mbio za namna hii mita tano ni shamba zima.

Hapo atasimama mtu mwenye busara na kuuliza: je, ufundi huu ni wa nani? Kama kocha ndiye aliyepanga mazoezi, akaamua umbali, akaona kipaji pasipo na aliyekiona, basi Akii-Bua si mchongaji, ni gogo. Swali ni zito, hasa kwa kuwa kocha alitoka Ulaya, na tunazijua hadithi za Mwafrika mwenye nguvu na Mzungu mwenye akili, zimetuchosha. Lakini hata ukiiweka pembeni hasira hiyo, swali linajibika. Kocha hukaa jukwaani. Bastola ikishalia, hakuna anayeweza kumwambia mkimbiaji kwamba hatua ya tatu baada ya kiunzi cha sita imekuwa fupi kwa upana wa vidole vinne na lazima irudishwe kidogo kidogo katika hatua tisa zinazofuata. Hayo huamuliwa na mwili uliofundishwa, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na uamuzi huo ndio ufundi wenyewe. Aidha, elimu haikutiririka upande mmoja. Ochana alitangulia. Na Arnold aliondoka Uganda akiwa na kitu ambacho hakuja nacho: alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mtu anavyoshuka chini ya sekunde 48. Miaka baadaye alimfundisha Colin Jackson wa Wales, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi kwa sekunde 12.91 mwaka 1993, na baadaye Dai Greene, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2011. Ukifuata mkondo wa ufundi huo kurudi nyuma, njia mojawapo inapita Kampala, kwa askari polisi wa Kilango.

Pingamizi lingine linanigusa zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaothamini kazi ya mikono. Wanasema mchongaji huacha kitu. Kinyago kinakaa mezani baada ya fundi kufa. Mkimbiaji anaacha nini, isipokuwa tarakimu ambazo mwingine atazifuta? Na kweli zilifutwa. Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi ya Akii-Bua mwaka 1976. Kevin Young alifika 46.78 mwaka 1992. Karsten Warholm wa Norway akashuka hadi 45.94 Tokyo mwaka 2021. Lakini tuangalie na vinyago vyetu vimekwenda wapi. Vilivyo bora havikubaki Newala. Vimepakiwa, vimevuka bahari, vinasimama katika nyumba ambazo wenyewe hawajui mchongaji aliitwa nani wala kijiji chake. Kilichobaki kwenye Uwanda wa Makonde ni mkono unaojua, na mkono huo hudumu kwa kufundisha mkono mwingine. Ngoma ya sindimba nayo haiachi kitu. Vumbi likitulia, imekwisha, na bado hakuna mtu wa Kusini atakayesema mchezaji hodari wa sindimba si fundi. Akii-Bua aliacha jambo la namna hiyo. Kabla yake, kwa wengi, kubadilisha miguu ilikuwa hesabu ya kujifurahisha. Baada yake ilikuwa njia iliyokwisha kupitwa, na kocha yeyote makini wa viunzi leo humfundisha mwanafunzi wake miguu yote miwili. Rekodi ilifutwa. Namna ya kupita kwenye kiunzi haikufutwa.

Ufundi haukumkinga. Hili ni lazima lisemwe, maana wapo wanaodhani kwamba kumsifu fundi ni kudai alilipwa haki yake. Alishinda katika mwaka mbaya wa nchi yake. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote, ambaye alikuwa Mlango, na tangu hapo askari wa Kilango na wa Kiacholi walikuwa wakiuawa kambini. Mwezi mmoja kabla ya fainali ya Munich, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia. Katikati ya habari hizo kijana wa Kilango alizunguka uwanja na bendera ya Uganda, huku akiendelea kuruka kama aliye bado mbioni, na serikali ya mtu yuleyule aliyekuwa akiwaua ndugu wa kabila lake ikampa nyumba, ikampandisha cheo, na barabara ya Kampala ikapewa jina lake. Medali yake ilikuwa ya kwanza ya dhahabu kwa Uganda katika Olimpiki. Ya pili ilichukua miaka 40, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London mwaka 2012. Mwaka 1976 Akii-Bua alipaswa kuitetea dhahabu yake Montreal. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, zilisusia michezo ile kupinga New Zealand kushirikishwa baada ya timu yake ya raga kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Nasimama na mgomo ule hata leo. Ulikuwa wa haki. Lakini haki hiyo ililipiwa na watu wachache sana, na ni vyema tuwataje: Bayi hakukutana na John Walker wa New Zealand, Akii-Bua hakukutana na Moses, na mkimbiaji hana msimu wa pili wa ujana kama mkorosho ulivyo na msimu wa pili wa maua.

Kisha ikaja vita. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliopigana pamoja nalo. Sisi tunaikumbuka siku hiyo kama ushindi, na ulikuwa ushindi. Lakini ndani ya mji ule alikuwemo mtu aliyeshukiwa na kila upande: kwa watu wa Amin alikuwa Mlango, kwa maadui wa Amin alikuwa ofisa wa polisi ya Amin. Bingwa wa Olimpiki akaishia Kenya, mkimbizi pamoja na familia yake. Watu wa Newala hawahitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Walikaa wakitazama mto Ruvuma kwa miaka ya vita vya Msumbiji, wakawapokea waliovuka. Alipotambuliwa, kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani, akafanya kazi huko. Mwaka 1980 alikimbia tena katika Olimpiki ya Moscow, akatolewa nusu fainali. Baadaye alirudi Uganda, kwenye kazi yake ya polisi, na alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47. Nikiyasoma maisha hayo simwoni swala aliyezaliwa na mbio. Namwona fundi ambaye nchi yake iliitaka kazi ya mikono yake, haikujua la kumfanyia mwenye mikono, na uwanja wa michezo wa Lira wenye jina lake leo ni shukrani iliyochelewa.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo linalosikika sana Kusini: kwamba yote haya ni ya watu wenye viwanja vya mpira wa bandia, wenye makocha wa kigeni na viatu vya miiba. Shule ya Newala ina mchanga. Nalikubali nusu yake. Pasipo mwalimu anayejua, mtoto atapaa juu ya kiunzi maisha yake yote na kusifiwa kwa kupaa. Lakini hesabu ya hatua haihitaji uwanja wa plastiki, na fulana nzito inaweza kushonewa mchanga wa hapahapa. Tangu Tanzania ianze kwenda Olimpiki tumepata medali mbili tu, zote za fedha, zote Moscow mwaka 1980: Suleiman Nyambui katika mita 5000, na Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Nusu ya hazina yetu yote, basi, imetoka kwa mtu aliyekuwa akiruka kitu. Kila mwaka watoto wanakimbia katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, wenye mbio wanaonekana, wanapigiwa makofi kwa damu yao, na wanarudi nyumbani bila mtu aliyewahesabia hatua.

Na viunzi vyenyewe ni kazi ya seremala. Seremala yeyote wa Newala mjini, wa Kitangari au wa Mahuta anaweza kutengeneza kumi kwa wiki. Nguzo mbili na ubao mmoja wa juu: sentimita 91.4 kwa wavulana wakubwa, 76.2 kwa wasichana na kwa wanaoanza. Ubao upakwe rangi ya kupishana, nyeusi na nyeupe, ili jicho liuone mapema. Miguu ya kiunzi ielekezwe kule anakotoka mkimbiaji, wala isielekezwe anakokwenda, na uzito uwekwe miguuni kwa kipimo: kanuni inataka kiunzi kianguke kikisukumwa kwenye ubao wa juu kwa nguvu ya kati ya kilo 3.6 na 4. Kikiwa chepesi kuliko hapo, upepo wa ukingo wa uwanda utakiangusha chenyewe. Kikiwa kizito kuliko hapo, kitamvunja mtoto. Kikiwa sawasawa, mtoto akikigonga kwa goti kinalala mbele yake, anapita, na anabaki kwenye hatua yake.